Jinsi ya Kukagua Misimamo Yako ya Kisiasa Kabla ya Kuitetea

Mwananchi wa Kenya anayelalamikia kodi asubuhi, akalalamikia ukosefu wa dawa katika zahanati mchana, kisha jioni akaikemea serikali kwa kukopa, hana kosa katika lolote kati ya malalamiko hayo matatu likichukuliwa peke yake. Tatizo huanza yanapowekwa pamoja, kwa sababu serikali inayotoza kidogo, ikatoa huduma nyingi na isikope, ni lazima ipate fedha hizo mahali pengine, na ni wachache wetu wanaojiuliza mahali hapo ni wapi. Mwongozo huu ni wa mtu aliye tayari kujiuliza. Haukusudii kumtoa katika chama chake wala kumbadilishia kura. Unakusudia kumwonyesha namna ya kuyakagua maoni aliyo nayo na kuyaambatanisha na mambo mawili ambayo aghalabu huachwa nje, yaani ofisi yenye mamlaka ya kulitekeleza jambo analolitaka, na fungu la fedha litakaloligharimia. Maoni yasiyo na mawili hayo hayambani kiongozi yeyote, kwa kuwa kila anayeulizwa hupata wa kumsukumia lawama.

Kasoro hii si ya Wakenya peke yao, wala si ya watu wasiosoma. Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani Philip Converse alionyesha jinsi watu wale wale, walipoulizwa maswali yale yale ya sera katika mahojiano ya mwaka 1956, 1958 na 1960, walivyotoa majibu yaliyoyumba huku na huku bila mwelekeo. Wengi wao walijibu kwa sababu wameulizwa, si kwa sababu walikuwa na msimamo. Ndivyo tulivyo wengi wetu: oni moja tumelipata kwenye matatu, jingine msikitini au kanisani, la tatu katika kundi la WhatsApp la ukoo, na kila moja limekuja na hasira yake, siku yake na msemaji wake. Hayajawahi kukutanishwa, basi hayajapata nafasi ya kugongana.

Kuyaandika

Anza kwa kuyakutanisha kwenye karatasi. Andika mambo sita au saba unayoyaamini kuhusu serikali, kama unavyoyasema kwa kawaida na bila kuyapamba, halafu urudi kwenye kila sentensi na uulize mtendaji wake ni nani. Neno litakalokusumbua zaidi ni «serikali» lenyewe. «Serikali imetusahau» ni sentensi inayoweza kumhusu Rais, waziri, gavana, mbunge, chifu, kampuni ya maji ya kaunti au shirika la barabara kuu, na mpaka umjue unayemkusudia, huwezi kujua kama madai yako ni ya kweli. Futa neno hilo kila linapotokea na uweke jina la ofisi. Ukishindwa kuliweka, acha nafasi wazi na usonge mbele, maana nafasi hizo zilizo wazi ndizo zitakazokuonyesha mahali pa kuanzia kusoma.

Kutafuta mwenye mamlaka

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na sipendi mtu apite haraka. Tangu uchaguzi wa Machi 2013, Kenya ina ngazi mbili za serikali, ile ya kitaifa na zile za kaunti 47, na mgawanyo wa kazi zao umeandikwa katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Jedwali hilo ni fupi, linasomeka kwa kikao kimoja, na ningependekeza lisomwe kabla ya hotuba yoyote ya mwanasiasa. Linaipa serikali ya kitaifa polisi, ulinzi, uhamiaji, mahakama, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu, barabara kuu na hospitali za rufaa za kitaifa. Linazipa kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, masoko, taa za barabarani, uzoaji taka, maji, makaburi na barabara za kaunti.

Ukiisoma orodha hiyo ukiwa na karatasi yako mkononi, utaona jinsi tunavyokosea mlango. Mtoto akiwa chekechea, mwalimu wake ni wa gavana. Akiingia darasa la kwanza, hata kama ni katika uwanja ule ule, mwalimu wake ameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, ambayo ni ya kitaifa. Hospitali Kuu ya Pwani iliyoko Mombasa iko chini ya serikali ya kaunti, ilhali Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta iko chini ya serikali ya kitaifa, ingawa zote mbili huitwa hospitali za rufaa na zote hupokea wagonjwa kutoka mbali. Chifu na naibu wake si watu wa gavana hata kidogo: wako katika safu ya Wizara ya Usalama wa Ndani, pamoja na kamishna wa kaunti, ambaye cheo chake kwa bahati mbaya kinawafanya wengi wadhani kuwa ni afisa wa kaunti. Barabara nayo inaweza kuwa ya KeNHA (mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu), ya KURA (ya barabara za mijini), ya KeRRA (ya barabara za vijijini) au ya kaunti, na shimo ni shimo kwa dereva, lakini barua ya malalamiko ikipelekwa kwa asiye na barabara hiyo itaishia kwenye jalada.

Hudhuria kikao chochote cha kaunti cha kukusanya maoni ya bajeti na utaliona jambo hili kwa macho yako. Viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema, afisa wa mipango ameshika fomu, na mama aliyesubiri tangu asubuhi anasimama kueleza kwamba shule ya msingi ya kijiji chake haina vyoo vya kutosha na kwamba kituo cha polisi hakina gari. Afisa anaandika, anamshukuru na kumpa mwingine nafasi. Yote aliyoyasema ni ya kweli na yote mawili hayamo katika bajeti inayojadiliwa. Mama yule ataondoka akiamini kuwa amepuuzwa, na mwakani hatakuja. Laiti angesimama kudai dawa za zahanati, kisima au taa za soko, maneno yake yangeingia katika kumbukumbu za kikao kama jambo ambalo kaunti ina wajibu wa kulijibu.

Siwalaumu wananchi peke yao kwa mkanganyiko huu, kwa sababu wanasiasa wanaufaidi na wanauendeleza. Mbunge, kwa mujibu wa kifungu cha 95 cha Katiba, kazi yake ni kuwawakilisha watu, kutunga sheria, kugawanya mapato ya taifa na kusimamia utendaji wa serikali. Hata hivyo tangu mwaka 2003 amekuwa na hazina ya maendeleo ya eneo bunge, leo ikijulikana kama NG-CDF, na darasa lililojengwa kwa fedha hizo za umma hubandikwa jina lake kana kwamba amelijenga kwa mshahara wake. Mahakama Kuu iliamua mnamo Septemba 2024 kwamba sheria ya hazina hiyo inakiuka Katiba; mwaka 2025 Bunge la Taifa likapitisha mswada wa kuiingiza ndani ya Katiba yenyewe, jambo linaloonyesha jinsi wabunge wanavyoithamini. Matokeo yake ni kwamba mpiga kura humpima mbunge kwa basari na madarasa, akasahau kumuuliza alipiga kura gani kuhusu kodi, huku akimlaumu seneta kwa kukosa miradi, ilhali seneta hana hazina ya namna hiyo na kazi yake kuu ni kulinda maslahi ya kaunti na mgao wake. Siku ya uchaguzi tunapewa karatasi sita za kura, na kila karatasi ina kipimo chake. Kuwapima wote sita kwa madarasa ni kuwasamehe watano.

Kuweka bei

Baada ya kila sentensi kupata ofisi yake, ipe na bei. Mfano ulio wazi zaidi katika miaka ya karibuni ni Mswada wa Fedha wa 2024, na nitaueleza kwa urefu kwa sababu kila Mkenya alikuwa na msimamo juu yake.

Mswada ule ulikusudiwa kuongeza mapato kwa takriban shilingi bilioni 346. Ndani yake kulikuwa na pendekezo la kutoza mkate kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16 na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Tarehe 18 Juni baadhi ya mapendekezo, yakiwamo ya mkate na magari, yaliondolewa. Tarehe 25 Juni Bunge la Taifa likaupitisha mswada uliosalia, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Mwananchi aliyeupinga mswada huo alikuwa na sababu za haki, na sioni haya kusema kwamba namna Bunge lilivyoyapuuza maoni yaliyotolewa mbele ya kamati yake ilistahili hasira iliyofuata.

Lakini fuata fedha. Bajeti ilikuwa imeandikwa kwa kutegemea mapato yale, na yalipokosekana palibaki njia mbili tu, kupunguza matumizi au kukopa. Mwezi Julai Rais alitangaza kuwa pengo lingezibwa kwa kupunguza matumizi kwa shilingi bilioni 177 na kukopa bilioni 169 zaidi. Mgao wa kaunti nao, uliokuwa umeidhinishwa kuwa bilioni 400.1, ulishuka hadi bilioni 387.4 baada ya mvutano mrefu kati ya Bunge la Taifa na Seneti. Mtu aliyekuwa ameandika katika karatasi yake «kodi isiongezwe», «serikali isikope» na «zahanati ipate dawa» alipata la kwanza, na kwa kulipata akayapoteza mengine mawili kwa kiasi fulani, maana fedha za zahanati ni za kaunti. Hilo halimaanishi kwamba la kwanza lilikuwa kosa. Linamaanisha kwamba alipaswa kujua mapema ni lipi kati ya matatu analolipa uzito zaidi, na awe na jibu la wapi pakatwe, badala ya kuacha uchaguzi huo ufanywe na Wizara ya Fedha bila yeye kuwapo.

Jibu ambalo wengi hulitoa hapa ni kwamba wizi ukikomeshwa, fedha zitatosha kwa yote. Ni jibu zuri, nalo linastahili kukaguliwa kama mengine. Liandike kwa namna inayoweza kuthibitishwa: wizi gani, katika wizara au kaunti ipi, wa kiasi gani, katika mwaka upi wa fedha? Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na za Mdhibiti wa Bajeti hutolewa kwa umma, na zimejaa mifano: miradi iliyolipiwa ikakwama, safari, madeni ya wazabuni yasiyolipwa. Zipo pia kanuni za kupimia, kwa mfano Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inayotaka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, katika muda wa kati, iende kwenye maendeleo. Chagua kaunti yako, linganisha kilichopangwa na kilichotumika kweli, kisha uone kama kiasi ulichokipata kinaziba pengo unalolitaka lizibwe. Kikiziba, una hoja nzito kuliko ya mbunge wako. Kisipoziba, itakubidi urudi kwenye orodha na upunguze kitu.

Kubadilisha jina

Hatua hii ni ya dakika chache, lakini ndiyo inayouma. Chukua msimamo wowote ulioujengea hoja kuhusu kiongozi, ondoa jina lake na uweke la mpinzani wake. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais, na Raila Odinga, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, walipeana mkono wa mapatano mbele ya Harambee House, na wafuasi wa William Ruto, wakati huo naibu wa Rais, wakalalamika kwa miaka kadhaa kwamba upinzani umeuawa na serikali imebaki bila wa kuikosoa. Tarehe 7 Machi 2025 Ruto, sasa akiwa yeye ndiye Rais, na Raila Odinga walitia saini makubaliano yao katika jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi. Waliokuwa wakiuita mkono wa 2018 usaliti, wakauita wa 2025 umoja wa taifa, wanapaswa kueleza tofauti. Na vivyo hivyo wale walioushangilia wa kwanza wakaulaani wa pili. Huenda tofauti ipo, kwa kuwa mazingira ya uchumi na masharti ya makubaliano hayakuwa sawa. Iandike basi tofauti hiyo kwa sentensi moja isiyotaja jina la mtu wala kabila. Usipoiweza, ulichokuwa ukikitetea ni upande wako, jambo ambalo si haramu, ila lisiitwe msimamo wa kikatiba.

Kuligeuza swali

Mwaka 1940 Wamarekani waliulizwa kwa namna mbili kuhusu hotuba za hadhara zinazopinga demokrasia. Kundi moja liliulizwa kama nchi inapaswa kuziruhusu, na asilimia 62 wakasema zisiruhusiwe. Kundi jingine liliulizwa kama nchi inapaswa kuzikataza, na ni asilimia 46 tu waliosema zikatazwe. Kwa sheria hakuna tofauti kati ya mambo hayo mawili, lakini sikio la binadamu limeisikia. Fanya vivyo hivyo na maswali ya kwetu. Ukiulizwa kama unaunga mkono ujenzi wa nyumba za bei nafuu zinazowapa vijana ajira, na ukiulizwa kama unaunga mkono kukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wako kila mwezi huku mwajiri wako akitoa kiasi kama hicho, unaulizwa kuhusu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 ile ile moja. Jibu maswali yote mawili kabla ya kujihesabu kuwa una oni, na utumie njia hiyo kila unapoona matokeo ya kura ya maoni gazetini: tafuta kwanza swali lilivyoulizwa.

Kurudi kwenye waraka

Mengi tunayoyajua kuhusu miswada tumeyajua kupitia picha yenye maandishi mekundu. Soma mswada wenyewe, angalau maelezo ya madhumuni na sababu yanayowekwa mwishoni, na uwe mwangalifu kutenganisha hati zinazofanana majina. Mswada wa Fedha husema fedha zitatoka wapi. Makadirio ya bajeti na Mswada wa Matumizi husema zitakwenda wapi. Na mswada si sheria mpaka upite na kutiwa saini. Angalia pia tarehe. Aliyekuwa akipinga kodi ya mkate baada ya Juni 18, 2024 alikuwa akipinga pendekezo lililokwisha kutangazwa kuwa limeondolewa, na muda huo angeutumia kusoma yaliyobaki. Kuna kero moja ambayo siwezi kuinyamazia: Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, lakini miswada huchapishwa kwa Kiingereza, kisha wananchi hulaumiwa kwa kutoisoma. Mpaka hilo libadilike, someni kwa pamoja, mwenye Kiingereza akiwafafanulia wenzake kifungu baada ya kifungu.

Utakuta pia kuwa baadhi ya sentensi zako hazipati ofisi, bei wala ushahidi hata baada ya juhudi. Andika «sijui» kando yake na uiache hapo. Hakuna sheria inayomlazimu raia kuwa na msimamo kuhusu kila jambo, na aliyekiri kutojua kuhusu mkataba wa kibiashara atasikilizwa zaidi anapozungumzia maji ya wadi yake.

Kupeleka oni lako

Oni lililopata mwenye mamlaka na bei lipelekwe kwa wakati unaofaa. Kaunti huandaa mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba na waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na hizo ndizo nyakati ambazo viwango vya matumizi ya kila idara huanza kupangwa. Anayesubiri hotuba ya bajeti ya Juni anakuta mengi yamekwisha kuamuliwa. Vifungu vya 118 na 196 vya Katiba vinalilazimu Bunge na mabunge ya kaunti kuwashirikisha wananchi, na kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi Bungeni. Wasilisha maoni yako kwa maandishi, weka nakala yenye muhuri wa kupokewa, na utaje kifungu au ukurasa unaouzungumzia.

Ukikosa takwimu za kukamilisha sentensi yako, ziombe. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kujibu ndani ya siku 21, na ndani ya saa 48 iwapo habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Ombi lenyewe halilipiwi ada, isipokuwa gharama ya kutoa nakala, na ukinyimwa unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala ndani ya siku 30. Barua iwe fupi na ilenge jambo moja: kwa mfano, kiasi cha fedha kilichotengewa dawa za zahanati fulani mwaka huu wa fedha na kiasi kilichotolewa hadi sasa. Sheria hiyo inaruhusu waziwazi ombi kuandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo afisa akikuambia urudi na barua ya Kiingereza, muombe akuandikie sababu na atie saini.